Mwaka Mama Aliokata Shevanti

Wiki iliyopita nilisimamisha gari kando ya barabara kule Al Khuwair, Maskati, karibu na wizara niliyofanya kazi mpaka nikastaafu, kwa sababu ya harufu. Wafanyakazi wa bustani walikuwa wanang'oa maua ya baridi katikati ya mzunguko wa barabara na kuyatupa ndani ya lori. Majani yaliyovunjika yalikuwa yanatoa ile harufu chungu, kali, kama dawa ya tumbo iliyochemshwa na kuachwa ikapoa. Nikashusha kioo, nikamuuliza mmoja wao kwa nini wanayang'oa na mizizi yake bado mizima. Akanijibu kwa adabu kwamba joto linakuja na maua haya hayawezi joto, yanakufa, na mwaka ujao yataletwa mengine.

Nilikuwa karibu nishuke nibishane naye, mwanamke wa umri wangu, juani, na magari yanapiga honi nyuma. Nikajizuia. Yeye hakuwa na kosa, ameambiwa hivyo na waliomwajiri. Lakini niliondoka pale nimekasirika, na hasira ile haijaniisha hata leo ninapoandika. Maua yale hayafi kwa joto. Nimeyaona yakipitisha joto la Maskati katika zama ambazo hata feni hatukuwa nayo, na aliyeyapitisha ni mama yangu, katika nyumba ambayo kila mtu alikuwa na hakika kwamba yeye mwenyewe hatafika mbali.

Nyinyi wenzangu, watoto wa Unguja mliofika huku wadogo kama mimi, mnajua tulivyofika. Baba yangu alifia Mombasa, kwa homa, tulipokuwa tunasubiri ruhusa ya kuingia Oman. Siku hizo ruhusa haikuwa ikipatikana vivi hivi. Ami Nasor, kaka yake baba, ndiye aliyetuombea akaipata, na mimi na mama tukashuka Maskati na sanduku moja la bati. Hilo silikatai. Nyumba yake nayo ilihakikisha hatulisahau. Tukila, tulikumbushwa. Tukiumwa, tulikumbushwa. Ami alikaa Unguja miaka michache ya ujana wake, kwa hivyo Kiswahili alikijua, na alikitumia kwetu kwa maagizo tu.

Mkewe, Bi Zuwena, hakuwahi kutoka Oman. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, anayejua nyumba yake ilivyo mpaka punje ya mchele. Yeye na mama hawakuwa na lugha ya kuzungumza. Mama, jina lake Asya, alisoma skuli Unguja na Kiingereza akikijua vizuri, lakini Kiarabu chake kilikuwa cha kuokota. Alipokosea neno, wanawake wa jirani walicheka, na yeye akanyamaza. Alipopewa kazi ambayo si yake, akanyamaza. Mimi niliyejifunza Kiarabu upesi, barabarani na kwa mwalimu wa Kurani, nilikuwa naelewa yote yanayosemwa juu yake, na nilimwonea haya. Nilikuwa na miaka minane na nilikwisha amua kwamba mama yangu ni mwoga.

Kisha nikaugua macho. Yalikuwa vikope, ugonjwa ulioenea sana siku zile. Kope ziliota ndani, macho yakawa mekundu, kila asubuhi yamegandamana kwa usaha. Mama akaomba anipeleke hospitali ya wanawake, na Ami akakubali kwa sharti kwamba twende tukirudi. Ikawa kila siku tunakwenda, mimi nimefunikwa kitambaa usoni, mama amenishika mkono. Muuguzi aliyenitia dawa alikuwa Mhindi, Sista Kamala, kwao Puna. Dawa iliwasha kama pilipili. Ili nisilie, alikuwa akinikalisha barazani kwanza, kando ya makopo yake ya samli aliyopandia maua, akavunja jani moja na kuniwekea puani. Kwa hivyo shevanti niliijua kwa harufu kabla ya kuiona. Shevanti ndivyo alivyoyaita kwa lugha ya kwao, ndiyo maua yale yale niliyoyaona yakitupwa lorini, na sisi hatujawahi kuyaita vyengine.

Siku kitambaa kilipoondolewa nikayaona. Yalikuwa na rangi ya kutu kwa nje na manjano katikati, yamejikunja petali juu ya petali, mengi mno kwa kikopo kidogo namna ile. Yalinishangaza kwa sababu hayakuwa na harufu ya ua. Sisi tumelelewa na asumini na vilua, ua kwetu ni kitu cha kutia katika nywele na nguo. Hili lilikuwa linanukia majani tu.

Sista Kamala na mama walikuwa wakizungumza kwa Kiingereza muda mrefu, na mimi nikiwasubiri. Wiki zikapita. Dawa ikaacha kuwasha. Watu wazima wangefurahi, lakini mimi niliogopa. Niliona kwamba dawa haiwashi kwa sababu macho yangu yameanza kufa, hayasikii tena, na siku moja nitaamka sioni. Bado tulikuwa tunakwenda kila siku, njiani bado nimefunikwa kitambaa, bado Sista ananitia matone, na mama akawa ananiacha barazani na kuingia wodini, anakaa mpaka adhuhuri. Nilidhani anakwenda kuulizia habari mbaya yangu. Sikumuuliza, kwa kuogopa atanijibu.

Mwisho wa baridi Sista Kamala akampa mama makopo mawili ya shevanti. Mama akayabeba mwenyewe, akayapandisha juu ya paa la sakafu, pale tunapoanika nguo na kulala wakati wa joto. Bi Zuwena akapanda kuyatazama. Akainama akanusa, akasema hayanukii, hayaliwi, na maji ya nyumba hii yanaletwa na punda kutoka kisimani. Tangu siku ile akawa anakinga maji ya udhu wake katika bakuli, na hayo ndiyo aliyoyanywesha maua.

Wakati ule ule Ami alimwita mama sebuleni. Mimi nilikuwepo, nimekaa mkekani na juzuu yangu. Akamwambia kuna mtu wa Barka, mtu wa heshima, mkewe amefariki, ana shamba la mitende na watoto wakubwa. Ameshazungumza naye. Sasa mtu yule ana shughuli za shamba, lakini tende zikishavunwa ndoa itafungwa. Alisema yote hayo kama mtu anayeeleza safari ya mzigo.

Mama aliangalia chini. Kisha akasema, "Tende zikishavunwa tutazungumza, shemegi."

Ami akatikisa kichwa, ameridhika. Bi Zuwena alipotafsiriwa naye akaridhika. Nami nikajua imekwisha.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mama juu ya paa na mkasi wa kushonea. Alikuwa anakata shevanti. Hakukata maua yaliyonyauka peke yake. Alikata mashina mabichi, yenye majani, moja baada ya moja, mpaka pakabaki vijiti vya urefu wa vidole vinne. Mikono yake ilikuwa imejaa ile harufu chungu. Alifanya kazi ile kwa utulivu kabisa, na huo utulivu ndio uliouvunja moyo wangu. Nilielewa kwamba ameshakubali, anafunga mambo yake, anakwenda Barka, na hata kitu kimoja alichokuwa nacho anakikata kwa mkono wake. Nilishuka, na tangu siku hiyo nikawa namjibu kwa Kiarabu. Nilijua anaumia nikifanya hivyo.

Joto likaingia. Anayeijua Maskati anajua majabali yale yaliyoizunguka, jinsi yanavyoshika jua mchana na kulitoa jioni. Mama aliyashusha makopo akayaweka chini ya ngazi, mahali penye kivuli, na kila siku ya pili aliyamiminia maji kidogo, kiasi cha kikombe. Majani machache yaliyochipua yakakauka. Vijiti vikawa rangi ya majivu. Bi Zuwena akipita alikuwa akiyasukuma kwa mguu na kuniambia mimi, maana na mama hawakusemezana, nikayatupe mabua yale.

Siku moja nilimsikia akizungumza na jirani. Alisema mtoto atabaki hapa, hatakwenda Barka na mama yake. Yule bwana hataki mtoto kipofu nyumbani kwake.

Sijui kama nyinyi mliwahi kusikia neno likasemwa juu yenu na mkalikuta linakaa sawasawa na yale mliyokuwa mkiyafikiri. Sikulia. Nilingoja mpaka watu walipolala mchana, nikaingia chini ya ngazi, nikachukua kopo moja. Lilikuwa zito, nikalikumbatia. Nikatoka mlango wa nyuma, nikashuka kwenye wadi, lile bonde kavu la mawe ambako watu walitupa taka, nikalipindua. Donge la udongo likaanguka zima, na vijiti vyake vya majivu. Nikalipiga teke. Nikarudi nyumbani na kopo tupu, nikaliweka pale pale makusudi mama alione.

Aliliona baada ya muda si mrefu. Alinijia nilipokuwa nimelala na kuniuliza udongo uko wapi. Nikamwambia nimeutupa, maua yake yamekufa, na yeye ameshamkubali mtu wa Barka, kwa hivyo hana haja nayo. Nilimwambia kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Nikamwambia pia kwamba najua nakuwa kipofu na najua ananiacha.

Nilitaka anipige. Mama alivaa buibui lake, akanishika kifundo cha mkono na tukatoka. Jua lilikuwa juu ya vichwa, mawe ya wadi yakichoma kupitia kandambili. Akaliona donge, akapiga magoti, akaliweka mapajani na kulivunja katikati kwa vidole vyake viwili, polepole, kama mtu anavyoumega mkate moto. Kisha akausogeza uso wangu karibu nalo.

"Unaona nini?"

"Mizizi."

"Tazama vyema."

Nikatazama. Pembeni mwa vijiti vikavu, ndani ya udongo, palikuwa na vichwa vidogo vyeupe, vinono, kila kimoja kama punje ya mchele, na ncha yake imeingia wekundu. Vilikuwa vingi. Nikavihesabu kwa sauti mpaka kumi na moja.

"Umeviona vyote hivyo?" mama akauliza.

"Nimeviona."

"Basi weye si kipofu. Macho yako yamepona tangu kabla ya Idi. Sista anakutia maji ya chumvi tu."

Nikamuuliza kwa nini. Akaanza kulifunga lile donge katika ncha ya buibui huku akinijibu, bila ya haraka. Alisema nyumba ile ingemkataza kwenda hospitali kwa haja yake, lakini isingemkataza kwa macho yangu. Kila siku nilipokaa barazani, yeye alikuwa wodini anafundishwa kazi. Anawatafsiria madaktari maneno ya wagonjwa waliotoka Unguja, anafunga vidonda, anapima homa, na Kiarabu anajifunza kwa wagonjwa. Alisema alikuwa aniambie, lakini mtoto husema, na sasa anaona amekosea kwa kunificha, maana hakujua nimebeba nini.

"Na Barka?" nikauliza.

"Umenisikia nikisema ndiyo?"

Nikafikiri. Sikumsikia.

"Nilisema tutazungumza," akasema mama. "Mie mjane. Sheria imenipa kauli yangu mwenyewe, haozwi mjane kwa kunyamaza. Nnaiweka mpaka siku watakayokaa wote wanisikie. Na haya maua nimeyakata ili yasife. Yakiachwa na majani yake yote, joto litayamaliza."

Tukarudi juani. Huo ndio mchana niliomjua mama yangu, na nasema kwa yeyote anayetaka kusikia kwamba yule mwoga niliyemwonea haya hakuwahi kuwepo.

Mimi na yeye tukawa kitu kimoja. Kitambaa cha macho nilikivaa kwa fahari, nikajikwaa makusudi mbele ya Bi Zuwena. Makopo nikiyahamisha mwenyewe kufuata kivuli. Nilikinga maji ya udhu wangu pia, nikarefusha udhu mpaka mwalimu wa Kurani akanisifu kwa uchamungu. Jioni mama alinitajia sentensi za Kiarabu, nami nikimsahihisha gh yake na kh yake. Alikuwa mwanafunzi mkaidi, akirudia neno moja mpaka limkae.

Upepo ulipogeuka akayamwaga makopo yote mawili, akatupa kitovu cha mizizi mikavu katikati, akabakisha machipukizi ya pembeni. Makopo mawili yakawa matano. Yalipofika urefu wa shubiri akanionesha kuzifinya ncha kwa kucha, ili yatoe matawi. Tende zilivunwa, na shughuli za Barka zikachelewa kidogo kwa sababu ya ugonjwa kule shambani. Baridi ya kwanza ilipokuja, juu ya paa palikuwa na shevanti ambazo sijaona mfano wake tena, rangi ya kutu makopo matano, na watu wa nyumba za jirani wakipanda juu ya mapaa yao kuzitazama.

Basi siku wanawake wa Barka walipokuja kumwona bibi harusi, ni Bi Zuwena aliyekwenda na kisu akayachuma, yale yale mabua, akayapanga katika sinia la halwa apambe chumba. Nilimkimbilia mama kumwambia. Alikuwa anavaa. Akasema ayachume, yataota tena.

Wageni wanawake walikuwa watatu. Chumba cha pili, nyuma ya pazia, walikaa Ami na kaka wa yule mtu wa Barka. Kahawa ikapita. Mwanamke mkubwa kati ya wageni akaanza maneno mazuri ya kuombana. Mama akamwacha amalize. Kisha akasimama, akaenda karibu na pazia ili wanaume wasikie pia, na kwa Kiarabu kilichonyooka, kila gh mahali pake, akasema kwamba anawaheshimu waliokuja na hana neno na mtu wao, lakini yeye ni mjane na ameulizwa leo kwa mara ya kwanza, na jibu lake ni hili: "Ma abgha." Sitaki.

Bi Zuwena aliinamisha macho kwenye sinia. Wageni walipoondoka Ami aliingia, amesawijika, akamwambia mama kwa Kiswahili kwamba yeye ametoa neno lake kwa watu wale.

"Ulitoa lako, shemegi," mama akasema. "Langu ndilo hilo."

Ami akamkumbusha ruhusa aliyotuombea. Mama akamshukuru kwa ruhusa ile, akamshukuru kweli, akasema atamwombea Mungu kwayo maisha yake yote, lakini hakuja Oman kwa kununuliwa. Ami akasema nyumba yake haina nafasi kwa mwanamke anayemvunjia uso. Mama akasema anajua, na sanduku lake limeshafungwa.

Tuliondoka asubuhi, baada ya maduka kufunguliwa, njia kubwa, mbele ya watu. Ingewezekana kupita nyuma, mama hakutaka. Punda wa mchota maji alibeba sanduku na makopo matatu. Mama alibeba moja, mimi moja, na kitambaa cha macho nilikitupa mlangoni. Wanawake walichungulia madirishani. Mama alitoa salamu kwa kila aliyemwona, kwa jina lake, na waliojibu walijibu. Hospitali walimpa chumba nyuma ya wodi ya wanawake, na Sista Kamala alikuwa ametukunjulia kitanda.

Hapo mama alifanya kazi hata baada ya mambo ya nchi kubadilika na wenzetu kuanza kurudi kwa wingi. Wengi wenu mnamjua kutoka hapo, yule mwanamke aliyewasemesha Kiswahili wazee wenu walipofika wamechoka na nyinyi watoto wagonjwa. Mimi alinisomesha. Shevanti alizipanda kila mahali tulipohamia na kila mwisho wa baridi akizikata. Hakuolewa tena, na si kwa uchungu. Hakutaka.

Alipofariki, miaka mingi baadaye, msiba ulikuwa nyumbani kwangu Madinat Sultan Qaboos. Siku ya pili chumba cha wanawake kilijaa. Akasimama mjukuu mmoja wa Ami, binti aliyesoma, hodari wa maneno, akaanza kumtaja marehemu kwa wema. Alisema alikuwa mpole na mtiifu. Alisema babu yake, Mungu amrehemu, alikuwa mbele ya wakati, ndiye aliyempa mke wa nduguye ruhusa ya kufanya kazi hospitali siku ambazo wanawake hawakufanya kazi. Wanawake wakaitikia kwa kumrehemu.

Nikajiweka sawa kwenye mkeka. Jibu langu nilikuwa nalo tayari, kali, nililolinoa tangu utoto. Lakini sauti ikatoka kwenye kona, ya chini na nzito, na wote wakageuka. Bi Zuwena alikuwa amezeeka mno, amekalishwa kwenye mito, na tulidhani kwamba hasikii tena yanayosemwa.

"Hakuna aliyempa ruhusa," alisema kwa Kiarabu. "Aliulizwa, akakataa, akatoka. Mimi nilikuwepo. Yeye akatoka, mimi nikabaki."

Yule binti akakaa chini. Nikaondoka mahali pangu, nikachukua birika ya kahawa kwa mtumishi, nikammiminia Bi Zuwena kwa mkono wangu, na nikakaa kando yake mpaka watu wa mwisho walipoaga.